Mwalimu amefariki, na bahasha zake za mbegu hazina lebo

“Shikamoo mama. Nina miaka 29, ni msaidizi wa utafiti wa mazao huku Mbeya. Kwa miaka 7 nimefanya kazi chini ya mtafiti wa maharage ambaye vijana wote tulimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kushika chaki. Alinipokea nikiwa nimetoka chuoni na diploma yangu, sijui hata kulifungua ua la haragwe ili kulichavusha kwa mkono. Miezi 3 iliyopita aliugua ghafla usiku akiwa nyumbani na mwanawe, akafia njiani kuelekea hospitali. Jioni ya siku hiyo alikuwa amenipigia simu. Nilikuwa hoi, nikaiacha iite, nikasema nitampigia asubuhi. Asubuhi nikapigiwa na mwanawe.

Tangu hapo siwezi kwenda kwenye ploti zake. Nikifika getini miguu inakufa ganzi. Ofisini ameacha madaftari 19 na boksi la bahasha za kaki zenye mbegu. Nyingine zina lebo, nyingine hazina kitu, moja ina herufi mbili tu za mwandiko wake. Yeye mwenyewe alikuwa akitukemea: mbegu isiyo na lebo ni mboga. Sasa ofisi inatakiwa iwe wazi kabla ya mwisho wa mwezi, na nimefikiria kulibeba boksi lote nikalifiche nyumbani. Mama mdogo anasema nimelia kuliko watoto wa marehemu, arobaini imeshapita, nifute namba yake nisonge mbele. Na familia imeniomba niongee kwenye ibada ya kumbukumbu. Alikuwa mkali, mama. Alishatutoa machozi. Nikisema alikuwa malaika nitakuwa nimedanganya, nikisema ukweli nitakuwa nimemvua nguo mbele ya mjane wake. Nifanye nini?”

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale kwenye bahasha yenye herufi mbili. Nitarudi hapo. Mimi ni mshauri nasaha, nimekaa na wafiwa wa Iringa na Mbeya kwa miaka mingi, lakini mbegu si fani yangu. Habari ya lile boksi niliwauliza kwanza watu wanaotunza mbegu, ndipo nikaketi kukuandikia.

Nianze na mama yako mdogo, maana neno lake ndilo lililokutia aibu. Hana nia mbaya. Anafanya hesabu ambayo wengi tunaifanya msibani bila kujijua: huyu ni mjane, huyu ni mtoto, huyu ni ndugu, huyu ni jirani. Kila mmoja ana mkeka wake wa kukalia. Mwanafunzi hana mkeka. Najua vijana wa ofisini wanavyokuwa siku kama hizo: wanapanga viti, wanakusanya rambirambi za wafanyakazi, wanachochea chai ya wageni, halafu wanarudi vyumbani kwao ndipo wanalia. Hata sheria inahesabu hivyohivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo anapofiwa na mwenza, mzazi, mtoto, babu au bibi, mjukuu, au ndugu wa kuzaliwa naye. Aliyekufundisha kazi hayumo.

Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, aliipa jina huzuni ya namna hii. Kwa Kiswahili ningeiita huzuni isiyopewa nafasi. Maumivu yake ni yaleyale ya wafiwa wengine, ila mwenye nayo anabebeshwa mzigo wa pili, kuona haya kwamba anaumia. Nadhani ndiyo maana umeuliza kuhusu kufuta namba ya simu wakati ulitaka kuuliza kama una haki ya kulia. Unayo. Mtu aliyekukuta hujui kushika ua akakufikisha ulipo, kwa namna yake amekulea, na wewe umefiwa.

Kuhusu arobaini, watu huchanganya mambo mawili. Arobaini inamaliza msiba, haimalizi huzuni. Msiba ni shughuli ya watu: masufuria yanarudishwa kwa wenyewe, turubai linashushwa, mikeka inakunjwa, kila mtu anarudi shambani kwake. Lazima uwe na mwisho, la sivyo kijiji kitalala njaa. Huzuni ni ya mtu, na haina turubai la kushusha. Utakutana pia na wasomi watakaokuambia ina hatua tano, wakuulize uko ya ngapi. Hatua hizo zilitolewa na Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, na alizipata kwa kuongea na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wao wenyewe, si kwa kuwafuatilia waliofiwa. Usijipime nazo.

Maelezo yanayofanana zaidi na ninayoyaona kila wiki ni ya Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi, ya mwaka 1999. Wanasema mfiwa huenda na kurudi. Asubuhi yuko kwenye kilio, mchana analipa ada, anacheka na watoto, jioni amerudi kwenye kilio. Kwenda na kurudi huko ndiko kunakomponya. Wanyakyusa wa zamani kule Rungwe walikuwa na kilio cha wanawake na ngoma ya wanaume katika msiba mmoja, uwanja mmoja, na hakuna aliyeona ajabu. Kwa hiyo siku ukijikuta umecheka Mwanjelwa sokoni, usijilaumu, na siku ya pili ukilia tena usidhani umerudi nyuma. Ninayemwonea wasiwasi ni yule aliyeganda upande mmoja.

Sasa miguu yako. Hapa nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu wewe ni mtu wa sayansi, na ukielewa kinachotokea utaacha kudhani umerogwa.

Ubongo wetu hauamini tangazo la msiba. Unaamini mazoea. Kwa miaka 7, kila asubuhi ulipopita geti lile kulikuwa na mtu upande wa pili: kofia yake, kikohozi chake, swali lake la kwanza. Ubongo haukungoja umwone ndipo ujiandae. Ulishajiandaa tangu barabarani. Ndivyo unavyofanya kazi siku zote, unabashiri kinachofuata ili mwili usishtukizwe. Mwalimu ameondoka, lakini ubashiri ule bado upo. Ukikaribia geti mwili wako unajitayarisha kukutana naye, kisha hayupo, na pengo hilo kati ya kilichotarajiwa na kilichopo ndilo linalokupiga magotini. Moyo unaenda mbio, unaanza kupumua harakaharaka juu kwa juu. Anayepumua hivyo hutoa hewa ya ukaa nyingi kupita kiasi, na damu ikipungukiwa na hewa hiyo ganzi huja miguuni, vidoleni, hata midomoni. Mtu anadhani anakufa. Anageuka, anaondoka, na akishafika mbali anapata nafuu.

Nafuu hiyo ndiyo mtego wenyewe. Ubongo unajifunza kwamba kukimbia kumemwokoa mwenyewe, na wiki ijayo hofu haitasubiri geti, itaanzia kituo cha daladala.

Njia ya kutoka ni kuufundisha upya, polepole, mahali palepale. Siku ya kwanza nenda na mtu mmoja unayemwamini, asubuhi, shamba likiwa na watu. Simama getini tu, dakika 10 au 15. Usiingie. Vuta pumzi taratibu, na kuitoa kuwe kurefu kuliko kuivuta, mpaka miguu irudi. Kisha ondoka ukiwa umetulia. Usiondoke wakati hofu iko juu, hata kama itakubidi ukae chini hapohapo kwenye majani ukisubiri ishuke. Kesho yake rudia. Ukishaweza kusimama bila kushikwa, sogea mpaka ukingo wa ploti ya kwanza. Ofisi iache iwe ya mwisho, maana harufu ya chumba cha mtu ina nguvu kuliko picha yake. Utalia, na kulia hakuharibu zoezi. Ila kama ganzi hiyo inakuja hata mahali pasipomhusu Mwalimu kabisa, au kifua kinabana unapopanda mlima, hilo halimhusu mshauri nasaha. Nenda ukapimwe presha, sukari na moyo kwanza.

Simu ya jioni ile. Mwaka 1975 mtafiti Baruch Fischhoff alionyesha kwa majaribio kwamba mtu akishajua mwisho wa jambo, huona kana kwamba ulikuwa unajulikana tangu mwanzo, na hawezi tena kukumbuka sawasawa alivyoliona kabla hajajua. Hicho ndicho kinachokutesa usiku. Ile haikuwa jioni ya kifo chake. Ilikuwa jioni ya mtu aliyeshinda shambani, na simu ya mzee aliyezoea kupiga. Kifo kilikuja baadaye, kikarudi nyuma kikaipaka simu ile rangi yake. Kaa na karatasi ujaribu kukumbuka ni mara ngapi katika miaka 7 uliiacha simu yake iite, ukampigia asubuhi, mkaongea habari za mbolea. Ulichofanya jioni ile ni kilekile. Na mtu aliyeugua usiku akiwa na mwanawe, akabebwa kupelekwa hospitali, hakukosa msaada kwa sababu wewe ulikuwa umelala. Alichotaka kukuambia kimekwenda naye, na hilo litauma, sitalipaka sukari. Lakini kulikosa neno la mwisho la mtu si kumkosea.

Namba usiifute kwa kulazimishwa. Zamani wataalamu wa Ulaya walifundisha kwamba mfiwa anapona akikata kamba na marehemu. Mwaka 1996 Dennis Klass na wenzake wakaonyesha kwamba watu wengi huendelea kuwa na uhusiano na wafu wao na maisha yao yakaenda vizuri tu. Sisi tunaowapa wajukuu majina ya babu zao hatukuhitaji kusubiri mpaka mwaka huo. Siku utakapotaka kuifuta utaifuta, na usipotaka itakaa.

Tuje kwenye boksi. Usilibebe kwenda nalo nyumbani. Najua kinachokusukuma, unaona ukiliacha litatupwa. Lakini bahasha zile na madaftari ya kazi ni mali ya taasisi iliyolipia ardhi, mishahara na mbolea, na likigunduliwa chini ya kitanda chako utaitwa mwizi wa kazi ya mtu uliyempenda. Barua zake, picha, Biblia yake, kikombe chake, daftari la mambo yake binafsi, hivyo ni vya mjane na watoto, na ofisi haina haki navyo. Vitenge mapema, uvipeleke mwenyewe. Wewe hurithi kitu katika mafungu hayo mawili. Ulichonacho ni kingine: wewe unaujua mwandiko ule.

Nilipokuwa nauliza habari za mbegu niliikumbuka Leningrad. Nikolai Vavilov alikuwa mtaalamu wa mimea wa Urusi aliyezunguka mabara akikusanya mbegu, na wasaidizi wake walimpenda sana. Mwaka 1940 serikali ya Stalin ilimkamata. Sayansi ya urithi aliyoitetea ilikuwa imepigwa vita na wakubwa. Januari 1943 alifia gerezani Saratov, akiwa amedhoofika kwa njaa. Miaka hiyohiyo mji wa Leningrad ulikuwa umezingirwa na majeshi ya Ujerumani, watu wanaanguka mitaani kwa njaa, na wasaidizi wake wamekaa ndani ya jengo lililojaa mpunga, ngano, karanga na viazi vya mbegu. Hawakuvila. Kadhaa walikufa njaa wakiwa kazini, na mmoja wao, Dmitri Ivanov, ndiye aliyekuwa mtunzaji wa mpunga.

Sikusimulii hayo ili ufe kwa ajili ya maharage. Nakusimulia kwa sababu mbegu zile zimeendelea kutumiwa na watafiti mpaka leo kwa kuwa ziliokoka pamoja na kumbukumbu zake: zilitoka wapi, lini, ni za namna gani. Wangefia kwenye magunia yasiyo na maandishi, wangekuwa wamelinda chakula tu. Mwalimu wako alilisema hilo kwa maneno machache kuliko yangu.

Kwa hiyo mwandikie mkuu wako barua ya karatasi, uombe mambo mawili: kabati moja lenye kufuli mahali pakavu pasipopigwa na jua, na miezi miwili ya kuorodhesha. Hakuna ukatili katika kuitaka ofisi; kuna mtu anasubiri meza, na meza apewe. Hatari iko kwenye kuhamisha. Bahasha zikimwagwa kwenye kiroba na mtu asiyejua, mtakuwa mmepoteza taarifa ambayo haikuandikwa popote, yaani mpangilio wake. Bahasha isiyo na lebo iliyokaa katikati ya mbili zenye lebo huenda ni ndugu yao. Kama wewe hujaweza kuingia ofisini kufikia tarehe hiyo, mtume mwenzako mwenye mikono mipole akapige picha kila tabaka la boksi kabla kitu hakijaguswa.

Halafu usibahatishe. Kila bahasha iandikie unachokiona kwa macho: rangi ya mbegu, ukubwa, uzito kwa gramu, ilikuwa tabaka la ngapi na kati ya zipi. Unachokijua kwa kukumbuka, andika kwamba ni kumbukumbu yako, ili atakayekuja asichanganye na maandishi ya Mwalimu. Namba za ploti kwenye madaftari zitakufungulia nyingi. Anza na madaftari ya miaka ya mwisho, ambayo wewe ulikuwepo, kwa kuwa kumbukumbu ya mtu huliwa na siku. Fanya kazi hii mkiwa wawili, mmoja anasoma, mwingine anaandika. Kutakuwa na siku utafungua ukurasa ukute jina lako pembeni, na hapo utahitaji mtu wa kukushika bega.

Mbegu nazo hazingoji. Wanaozitunza wana kanuni ya James Harrington: ndani ya mipaka fulani, unyevu wa mbegu ukipungua kwa asilimia 1 maisha yake huongezeka takriban maradufu, na joto la ghala likipungua kwa nyuzi 5 hali kadhalika. Baridi ya Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, inakusaidia. Unyevu wa msimu wa mvua haukusaidii. Bahasha yenye mbegu za kutosha mnaweza kuotesha chache kwenye karatasi yenye majimaji, mkahesabu zilizoota siku ya 9. Zile zilizobaki kiganja kimoja msizichezee, zisubiri kupandwa na mtafiti atakayekabidhiwa kazi. Na kama kuna za kipekee, mkuu wako anaweza kuomba sehemu yake ihifadhiwe Arusha, kwenye kituo cha taifa cha kutunza nasaba za mimea.

Watatokea watu watakaotaka mbegu mpya ipewe jina lake. Ni wazo jema, nami singelipinga, lakini msilifanye kuwa ndilo tegemeo. Maharage mengi ya ukanda huu yamepewa majina ya mahali, Uyole 96, Njano Uyole, na mama anayepima Njano Uyole kwa kopo pale Mwanjelwa hajui ni mikono ya nani iliyofungua maua yale kwa kibano. Mbegu mpya inapaswa kupitia majaribio ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na kamati, na hiyo ni safari ya misimu mingi. Karibu zaidi na mikono yako kuna yale majaribio aliyoyaacha yakielekea kwisha. Yakiandikwa, jina lake liwe kwenye orodha ya waandishi na alama ya kuonyesha kwamba amefariki, baada ya familia kuelezwa. Majarida ya sayansi yana utaratibu wa hilo. Na jina lako liwepo. Usijifute kwa unyenyekevu, maana data za miaka 7 zina jasho lako pia.

Nimebakiza ibada. Unajiona una njia mbili tu, kumfanya malaika au kumvua nguo. Sisi wa Iringa tuna hadithi ambayo huenda uliisikia sekondari. Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi Magamba mwaka 1963, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake, akaona maziwa yake aliyoyaingiza kwenye friji yangali moto yameganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Aliuliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipohamia Mkwawa hapa Iringa akauliza tena, na mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya dunia. Kisha Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam akaja Mkwawa kutoa mhadhara, Mpemba akasimama kuuliza swali lilelile, wanafunzi wenzake wakaangua kicheko. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akaagiza lijaribiwe. Mwaka 1969 wakatoa makala pamoja, jina la Mpemba likitangulia, na inaanza na simulizi ya Mpemba mwenyewe.

Angalia: sijakuambia kwamba Osborne alikuwa mnyenyekevu wala mpenda vijana. Nimekueleza alichofanya, na wewe umeshamfahamu. Ongea hivyo. Nilipofiwa na aliyenifundisha kazi hii nilisoma mbele ya watu sifa zake ukurasa mzima, na leo hakuna hata moja ninayoikumbuka. Aliyenifuata alisema jambo moja, kwamba marehemu alikuwa hafungui mdomo kabla hajasogeza kiti chake kikaelekeana na cha mgonjwa. Wote tuliondoka pale na kile kiti.

Ukali wake nao utaingia kwa njia hiyohiyo. Chagua siku moja aliyokutoa machozi. Kosa lilikuwa nini, na baada ya kukukemea alifanya nini? Kama alikaa nawe mpaka usiku mkipanga bahasha upya, simulia yote mawili, watu wataona mtu mzima. Kama alikukemea akaenda zake, sentensi moja inatosha, kwamba alikuwa mkali na wengine tuliumia, kisha endelea. Mjane aliyeishi naye anaujua ukali huo kuliko wewe. Mpelekee karatasi siku mbili kabla, mketi, asome. Nimeona mara nyingi kikao hicho kinaponya kuliko ibada yenyewe. Ila kama nyuma ya neno “mkali” kuna jambo zito zaidi, udhalilishaji au kuguswa vibaya, huna wajibu wa kumpamba mtu. Kataa kuongea, na umtafute mshauri ana kwa ana. Vinginevyo andika ukurasa mmoja na nusu, usome kutoka kwenye karatasi, na mwenzako akae mstari wa mbele na nakala yake ili ukishindwa aendelee.

Miezi 3 ni mapema mno kwa mtu yeyote kukuambia unaumwa. Katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022, huzuni huhesabiwa kuwa ugonjwa pale inapobaki kali na kumzuia mtu kuishi kwa angalau miezi 6, kupita desturi za jamii yake. Wataalamu wa Marekani wanangoja miezi 12. Lakini kuna mambo ambayo hayangoji mwezi wa ngapi. Ukianza kutamani kumfuata, au kufikiria namna ya kujidhuru, mwamshe mtu aliye karibu nawe muende hospitali usiku huohuo. Ukipitisha wiki mbili hulali, huli, hakuna kinachokupa raha hata kidogo, inaweza kuwa sonona, na sonona ina tiba. Ukiona pombe ndiyo inayokulaza, vivyo hivyo. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina huduma za afya ya akili, na unaweza kuanzia zahanati ya karibu wakakuandikia rufaa. Usinunue vidonge vya usingizi dukani kwa ushauri wa rafiki. Vingine vina uraibu, na havimfundishi mtu kupita geti.

Ile bahasha yenye herufi mbili iwe ya kwanza, siku utakapoweza kuingia. Usiandike juu ya mwandiko wake. Chukua lebo mpya, ifunge pembeni kwa uzi. Nakili zile herufi kama zilivyo, rangi ya mbegu, idadi yake, mahali ilipokutwa, na unachodhani herufi zinamaanisha, ukiweka alama ya kuuliza mbele yake. Tarehe. Mahali pa aliyeandika lebo weka jina lako kamili, kwa penseli, maana wino ukipata unyevu hutawanyika.